Nimemaliza darsa la sinema za taharuki pale Malindi, Unguja, na haya niliyaona kwa jicho la fundi cherehani

Mwishoni mwa mwaka jana vijana wa kikundi cha maigizo cha mtaani kwetu, Kikwajuni, walinijia dukani na kazi ya nguo za filamu yao fupi. Hadithi yenyewe ya kusisimua: nyumba kongwe, ugomvi wa mirathi, na mtu anayeingia usiku. Nikawashonea mabuibui matatu meusi ya pamba, kanzu mbili nyeupe pepepe, na shati la mistari myembamba la mpelelezi. Wiki mbili baadaye nguo zote zikarudi ndani ya mfuko. "Bi Fundi, nguo hazina ila, lakini kamera haizitaki," aliniambia mkubwa wao kwa heshima, akanionyesha kwenye simu yake. Mabuibui yamegeuka shimo jeusi, na juu yake unaelea uso. Kanzu zinawaka mpaka sura ya mvaaji imefifia. Lile shati ndilo lililonichoma zaidi, maana mistari yake ilikuwa ikichezacheza kwenye kioo kama mvuke juu ya lami mchana wa Februari.

Miaka 23 niko kwenye cherehani. Nimeshona za maharusi, za maulidi na sare za skuli, na hajapata mtu kunirudishia mzigo mzima. Kwa hiyo niliposikia kuna mpiga picha wa harusi anafundisha jinsi kamera, taa na nguo zinavyotia taharuki kwenye sinema, siku sita kwa shilingi 80,000, nilikwenda kulipa siku hiyo hiyo. Wengi wameniuliza kama darsa lile lina faida, ndiyo maana naandika. Lina faida. Lakini lina kasoro zake pia, na moja imenikaa rohoni.

Kwanza mahali. Ni chumba cha ghorofa ya pili kwenye nyumba ya zamani, Malindi. Ngazi ni za mbao, zimesimama wima, na cha kushika ni kamba tu. Mwenye magoti mabovu ajue mapema. Tulikuwa watu kumi na mmoja, wanawake watatu. Tulianza baada ya Isha, ingawa siku mbili tulikaa dakika 40 tukimsubiri mwalimu, na tukimaliza saa nne na nusu. Daladala saa hizo ni za kubahatisha, basi sisi wanawake tukichanga teksi. Chumba ni cha moto, kwa sababu madirisha yote yamefungwa na kuzibwa mablanketi ili mwanga wa nje usiingie. Nendeni na chupa ya maji.

Vifaa vilikuwa vichache: kamera moja na mguu wake, taa mbili za betri, shuka jeupe, kioo cha kujitazamia na karabai. Nilipoiona ile karabai nikajua huyu mwalimu anajua anachokifanya.

Siku ya kwanza hakugusa kamera. Alitupa hadithi. Mume amekaa barazani na wageni, wanazungumza bei ya karafuu. Jikoni mtungi wa gesi unavuja. Kama hatujui kuwa unavuja, mlipuko utatushtua kwa sekunde chache na basi. Lakini tuonyeshwe mpira wa gesi uliopasuka kwanza, halafu turudishwe barazani, tumuone mume anatia sigara mdomoni na kupapasa mfuko wa kanzu akitafuta kiberiti. Sasa kila neno la karafuu linakuwa adhabu. Mgeni mmoja anampa kiberiti, kimelowa. Mwengine anasema subiri, ninacho mimi. Chumba kizima tulikuwa tumejishika mikono. Mwalimu akatwambia hii si hekima yake, ni ya Alfred Hitchcock, mwongozaji wa filamu za taharuki, aliyeieleza kwa mfano wa bomu chini ya meza: bomu lisilojulikana linawapa watazamaji sekunde 15 za mshtuko, linalojulikana linawapa dakika 15 za taharuki. Mtazamaji akishajua, ndipo anapoogopa. Maneno hayo niliyaandika juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari, na mambo yote ya siku zilizofuata nimeyapima kwa hayo.

Siku ya pili ikawa ya kamera. Mazoezi yalikuwa juu ya kitu kimoja tu, komeo la mlango. Tulilipiga kwa mbali, mlango mzima na mfaa wake na nakshi zake, na komeo halisemi kitu. Tukalipiga kwa karibu mpaka likajaza kioo chote, na ghafla kila mtu akawa anauliza: limefungwa au halikufungwa? Kisha mwalimu akafanya jambo la tatu. Akaanza na chumba kizima, watu wanakunywa kahawa wanacheka, akaisogeza kamera polepole bila kukata, ikawapita watu, ikapita birika, mpaka ikatua kwenye komeo lililo wazi kidole kimoja. Hapo nilisisimkwa mwili. Akatuambia picha ya namna hii inatajika sana kwenye filamu ya Hitchcock ya mwaka 1946, Notorious, ambapo kamera inaanza juu, ukumbi mzima wa wageni uko chini yake, inashuka na kushuka mpaka kwenye ufunguo uliofichwa kiganjani mwa mwigizaji Ingrid Bergman. Wageni mia wanastarehe, na siri iko ndani ya ngumi ya mwanamke mmoja.

Mengine ya kamera nayapitia haraka, kwa kuwa kila mwenye simu atayajaribu. Kamera ikiwa juu, mtu anaonekana mnyonge. Ikiwa chini, anatisha. Ikilazwa upande, nyumba nzima inaonekana kama haina msingi. Lenzi ya kuvuta mbali inabana masafa, kwa hiyo mtu anakimbia kuja kwako na hafiki, kama ndoto ya homa. Na picha ikiachwa muda mrefu kuliko ulivyotarajia, macho yako yenyewe yanaanza kutafuta kwenye pembe za giza.

Taa ndiyo iliyonirudisha nyuma. Wenzangu wa Unguja hawajasahau ile miezi mitatu bila umeme, kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Mimi nilishona kwa kandili. Nilijifunza mambo wakati ule ambayo sikujua kama ni elimu. Kandili ikiwa kulia kwangu, mshono wa kushoto siuoni. Nikiisogeza mbali kidogo tu, sindano inapotea. Mwanangu akipita nyuma ya taa, kivuli chake kinapanda ukutani mpaka dari, na yeye mwenyewe ana miaka minne. Siku ya nne mwalimu alizima taa zote akawasha karabai, na kila alichokisema nilikuwa nimekwisha kukiona kwa macho yangu. Taa ukiiweka masafa mara mbili ya mwanzo, mwanga unaofika ni robo, si nusu. Ndiyo maana sindano yangu ilipotea ghafla. Mtu akikaribia taa, kivuli chake ukutani kinakua. Akiiacha akaukaribia ukuta, kinapungua. Kwa hiyo mpiga picha anaweza kukuletea kivuli kikubwa cha mtu kabla hujamuona mtu mwenyewe, na wewe unakaa unakisubiri kiumbe cha ukubwa ule.

Alimkalisha kijana mmoja kwenye kiti, mpole, muuza vitabu, akaizungusha taa. Taa mbele ya uso, ni kijana yule yule muuza vitabu. Taa ubavuni, nusu ya uso imekwenda gizani, na sasa humuamini tena. Taa chini ya kidevu, matundu ya macho yamejaa kiza na pua imetupa kivuli juu ya paji. Nyuma yake, hana uso kabisa, ni umbo tu mlangoni. Kijana hakubadilisha sura hata mara moja. Wala hakuambiwa aigize.

Mfano alioutoa siku hiyo nimeusimulia kwa kila anayeingia dukani. Mwaka 1941, kwenye filamu iitwayo Suspicion, mume anapanda ngazi usiku kumpelekea mkewe gilasi ya maziwa, nasi tunashuku ana nia ya kumuua. Hitchcock alitaka tusiangalie kitu chengine ila gilasi, akatia taa ndogo ndani ya maziwa. Yule mume anapanda gizani, na maziwa yanang'ara yenyewe. Tulilijaribu kwa gilasi ya plastiki na taa ndogo ya betri tuliyoifunga kwenye mfuko wa nailoni isiingie maji. Maziwa ya unga yalitoka vizuri zaidi kuliko ya pakiti, kwa kuwa tuliyakoroga mazito. Shemeji yake mwalimu akapanda nayo zile ngazi za mbao, taratibu, na kila kipandio kilipolia, mmoja wetu alivuta pumzi.

Siku ya tano tulitoka nje, vichochoroni. Nani asiyejua kuwa Mji Mkongwe una vichochoro vinavyopinda hata humuoni mtu aliye hatua kumi mbele yako? Ukuta wa mawe na chokaa iliyobanduka, ukiupiga taa ya ubavu, kila kovu linatoka. Mwalimu alituambia tumwage maji chini. Mzee mmoja wa nyumba ya jirani, Mungu ampe umri, alitufungulia mfereji wake tukachota ndoo nane. Njia ilipolowa, taa moja ikawa mbili: moja juu, moja chini ya miguu. Mjini Vienna waliifanya kazi hiyo hiyo kwenye filamu ya The Third Man ya mwaka 1949, iliyompa Robert Krasker tuzo ya Oscar ya upigaji picha. Yumo mtu amesimama mlangoni gizani, paka amejilaza kwenye viatu vyake, tunaona viatu tu. Dirisha la jirani linafunguka, mwanga unamwangukia usoni, na ni mtu tuliyeambiwa amekufa na kuzikwa.

Viatu. Hapo nikakaa sawa. Maana yule mtu, kabla ya kuwa uso, alikuwa viatu.

Na hapa ndipo penye lalamiko langu. Maleba, yaani nguo za waigizaji, yaliwekwa siku ya sita, siku ya mwisho, na siku hiyo tulichelewa kuanza. Tukapata dakika zisizofika 50. Mwalimu alipitia mbio mbio, alisema nguo zinaeleza tabia ya mhusika, akatoa mfano mmoja, akarudi kwenye kamera yake. Sikukasirika kwa ajili ya ufundi wangu. Nilisikitika kwa sababu kisiwa chetu kina utajiri wa nguo wa kutia taharuki kuliko taa mia, na darsa la Zanzibar halikuugusa.

Mfano wenyewe alioutoa ulikuwa mzuri, na ulistahili saa nzima. Kwenye Psycho ya mwaka 1960, filamu isiyo na rangi, yule karani wa kike mwanzoni tunamuona kwa shimizi na sidiria nyeupe. Baada ya kuamua kuiba zile dola 40,000 tunamuona tena anabadilisha nguo, na sasa za ndani ni nyeusi. Hata mkoba aliobeba umekuwa mweusi. Hakuna aliyetamka neno. Mtazamaji huenda hata hatambui alichokiona, lakini moyo umeshajua kuwa njia imebadilika.

Basi niliomba dakika kumi, na mwalimu, nampa haki yake, akanipa bila kinyongo.

Niliwatolea kanga yenye jina "Kikulacho ki nguoni mwako". Nikamvisha binti mmoja, jina likaangukia mgongoni. Nikamwambia mwalimu apige hivi: mama mwenye nyumba anamimina chai, anacheka na mgeni wake, tunawaona kwa mbele. Mgeni ananyanyuka, anageuka kwenda jikoni, na kamera inabaki. Mgongo unapita mbele yetu, tunasoma. Mwenye nyumba hakusoma, alikuwa anatia sukari. Ule mtungi wa gesi wa siku ya kwanza ndio huu, ila umeandikwa kwenye pindo la nguo, na hakuna mtazamaji wa Kiswahili atakayehitaji kufafanuliwa.

Nikaongeza kofia ya viua, ile ya vitundu vinavyodariziwa kwa mkono. Kila mshonaji wa viua ana mkono wake, na kofia moja inakula wiki hata miezi. Nilikuwa na moja ambayo safu ya juu ina kitundu kimoja kilichoachwa bila kumaliziwa. Ioneshwe kwa karibu mwanzoni, imeanguka ngazini usiku wa tukio. Kisha dakika ya ishirini, kwenye maulidi, wanaume mia wamekaa, kamera iko nyuma yao, vichwa na kofia tupu. Macho ya mtazamaji yatafanya kazi yenyewe, safu kwa safu.

Na buibui. Hili nalisema kwa moyo wangu wote kwa vijana wanaoandika hadithi: buibui ni stara ya mama zetu, msilifanye nguo ya jini kila mkitaka kutisha. Kivuli cha buibui ukutani hakina mkono wala mguu, hujui ni nani, na hiyo ni nguvu kubwa ya picha. Lakini tulipopiga zoezi letu la mwisho, niliomba anayevaa buibui awe ndiye anayewindwa. Binti anapanda ngazi, kajifunika, ameshika taa ndogo. Sisi tumeshaona kuwa mlango wa juu uko wazi kidole kimoja. Tulimuogopea yeye.

Ndipo nilipofahamu kwa nini nguo zangu zilirudishwa. Pamba nyeusi isiyong'aa inameza mwanga. Ukuta mweusi, ngazi nyeusi, buibui jeusi, basi kamera haina pa kushika. Mwalimu aliweka taa ya pili nyuma ya binti, juu kidogo, na ukingo wa bega ukachoreka uzi mwembamba wa mwanga. Mimi nikashonea upande wa mtandio utepe wa satini nyeusi, upana wa kidole, na ukingo ule ukawa unatembea kila anapopumua. Pumzi ya mtu aliyeogopa ikaonekana kwenye nguo. Nimeitazama picha ile labda mara thelathini.

Kanzu dawa yake ni chai. Nyeupe pepepe inavuta taa yote na kuunyang'anya uso. Chemsha majani ya chai ya rangi kwenye sufuria kubwa, chuja, ongeza chumvi kidogo, tumbukiza kanzu iliyokwisha kuloweshwa maji ya kawaida ili rangi isishike mabaka, igeuze geuze dakika kumi, suuza. Kwa macho yako utaiona kama imechakaa. Kwenye kamera ni nyeupe, na sura ya mvaaji imerudi. Lile shati la mistari halina dawa. Mistari myembamba na kamera haziwezani. Nililikata nikatoa mifuko.

Jengine la kujua kabla hujalipa: picha mnazopiga darasani hupewi mkononi mpaka uje na flashi yako mwenyewe ya kuhifadhia picha, na hilo hatukuambiwa siku ya kujiandikisha. Wanne kati yetu waliondoka mikono mitupu siku ya mwisho. Kumwambia mtu alete flashi ni neno moja tu. Pia asiyejua kamera kabisa asiogope, mwalimu ana subira, anarudia bila kumvunja mtu. Tulikuwa na mama wa miaka 60 aliyekuja na mjukuu wake, na yeye ndiye aliyegundua kuwa kioo cha kujitazamia kinaweza kurudisha mwanga wa karabai mpaka kwenye macho ya mtu aliye gizani, macho tu, uso haupo.

Kwa kamera na taa nawapa nyota tano. Kwa maleba nyota mbili, kwa mpangilio wa saa nyota tatu.

Picha ya yule binti ngazini niliwaonyesha wale vijana wa maigizo. Wamechukua tena nguo zote, mabuibui yana satini, kanzu zimekunywa chai. Na mwalimu nilimfuata siku ya kufunga, nikamwambia darsa lijalo nitakuja na furushi langu, anipe siku nzima. Alifikiri kidogo akasema, "Bi Fundi, nitakupa ya tatu, kabla ya taa." Itaanza wiki ya pili baada ya Idi, pale pale, baada ya Isha. Njooni na flashi.